Kiingereza cha watoto wadogo kwenye darasa la mjumuisho, hebu tulifungue hili jambo

Kila mwaka wa masomo ukianza Januari maneno ni yale yale, kwenye magrupu ya wazee, barazani, hata ndani ya daladala ya Wete kwenda Chake. Mmoja anasema mwanangu hata Kiswahili hakijamkaa sawa mdomoni, hicho Kiingereza cha kazi gani, mwengine anasema mwalimu ana watoto tele na kati yao yupo asiesikia vizuri na yupo mwenye mtindio wa ubongo, sasa huyo mwalimu atafundisha Kiingereza saa ngapi, na mwengine tena analalamika kuwa wa kwake ni mwepesi wa kushika lakini anacheleweshwa na wenzake. Walimu nao, khasa wa maandalizi na wa darasa la kwanza na la pili, wana lao: tumeambiwa tufundishe lugha ya kigeni, tumeambiwa darasa liwe la mjumuisho, lakini hivi vitu viwili vinakaaje pamoja hakuna alietueleza tukaelewa.

Nataka nilieleze taratibu kuanzia chini. Mana ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya mzozo huu inatokana na jambo moja, watu wengi tunaamini kwamba mtoto kujua neno la kigeni ni kulitamka kwa sauti mbele ya watu. Na sivyo. Mtoto anaweza kulijua neno barabara na mdomo wake usilitoe, na mwengine akalitoa mbio mbio na asijue ni kitu gani anachokitaja. Ukilishika hili, mambo mengi ya darasa la mjumuisho yanaanza kueleweka.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno yenyewe. Elimu mjumuisho ni skuli kujipanga ili watoto wote wa mtaa, mwenye ulemavu na asie na ulemavu, wasome darasa moja somo moja, na mwalimu ndie anaebadilisha njia zake ili kila mmoja alifikie lile somo. Sio kumtia mtoto ndani na kumkalisha nyuma. Mtoto anaekaa nyuma na karatasi yake anachorachora huku wenzake wanasoma, huyo amehifadhiwa tu, hajasomeshwa. Jambo hili sio la kuzuka jana. Mwaka 1994 nchi nyingi zilikutana Salamanca, Hispania, zikakubaliana kuwa skuli za kawaida ndo mahali pa watoto wote, mwaka 2006 ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Zanzibar mwaka huo huo wa 2006 ikapitisha sheria yake wenyewe ya haki za watu wenye ulemavu, na madarasa ya mjumuisho tayari yalikuwa yameshaanza kujaribiwa kwenye baadhi ya skuli zetu.

Tena tusidhani mjumuisho ni wa yule mwenye kiti cha magurudumu tu. Kwenye darasa lolote la Unguja au Pemba utakuta mtoto ambae sikio lake linatoka usaha mara kwa mara na kwa hivyo anasikia nusu nusu, utakuta mwenye uoni hafifu ambae hajawahi kupimwa macho, mwenye ualbino anaesumbuliwa na mwanga wa dirishani, mwenye kigugumizi, mwenye usonji (kwa Kiingereza "autism"), na yupo yule ambae hana jina la tatizo lolote lakini neno analihitaji mara kumi pale mwenzake anapolihitaji mara tatu. Wengi wao wanaitwa wavivu, au wajinga, Mungu atusamehe.

Msamiati nao ni yale maneno mtu anayoyajua katika lugha, sio sarufi na sio kuandika insha. Kwa mtoto wa miaka mitano sita msamiati ndio karibu lugha yote ya kigeni anayoihitaji kwa wakati ule, na lugha yenyewe kwa hapa kwetu ni Kiingereza, na Kiarabu pia, ambacho anakikuta skuli na chuoni, yaani madrasa.

Sasa kwa nini tujisumbue, kwa nini mtoto mwenye ulemavu asisamehewe tu Kiingereza akabaki na Kiswahili? Swali hili naulizwa sana na linaulizwa kwa huruma, lakini huruma hii ina hatari yake. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka kwamba hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtu anaweza kuikubali au kuipinga hatua ile, mie mwenyewe nina maoni yangu, lakini ukimsamehe mtoto msamiati akiwa darasa la kwanza maana yake unamfungia na hesabu na sayansi akifika juu, na yeye hakuulizwa. Atafika pale ataonekana hana uwezo wa hesabu, kumbe hesabu anaiweza, hajui tu ile "add" na "take away" imemtaka afanye nini.

Na hii hofu ya kwamba lugha ya pili itamchanganya mtoto aliechelewa kusema, wazee wengi wanaambiwa hivyo, wengine wanaambiwa hata na wataalamu. Ushahidi unasema vyengine. Kanada mwaka 2005 Elizabeth Kay-Raining Bird na wenzake walichunguza watoto wenye hali ya kuzaliwa nayo inayoitwa Down, waliokuwa wakilelewa kwa lugha mbili, wakawalinganisha na wenzao wenye hali hiyo hiyo waliokuwa na lugha moja tu. Wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma kwenye Kiingereza kuliko wa lugha moja. Tafiti za watoto wenye usonji nazo zimetoa majibu ya kuelekea huko huko, kwamba lugha mbili hazimuongezei mtoto tatizo la lugha alilonalo. Kweli, watoto wale walikuwa wanazisikia lugha zote mbili kila siku, wa kwetu Kiingereza anakipata vipindi vichache kwa wiki, kwa hivyo tusitarajie azungumze. Lakini kuchanganyikiwa, hapana. Na kwani sisi wenyewe hatuoni? Mtoto wa Micheweni anasema Kipemba nyumbani, skuli anafundishwa Kiswahili sanifu, chuoni anasoma Kiarabu, na hakuna alieumwa kichwa kwa hilo.

Turudi kwenye kujua neno. Wataalamu wa lugha wanatenganisha msamiati wa kupokea na msamiati wa kutoa. Wa kupokea ni yale maneno mtoto akiyasikia anayaelewa, wa kutoa ni yale anayoyasema mwenyewe. Wa kupokea kwa kawaida unatangulia na kwa kawaida ni mkubwa zaidi, hata kwenye lugha ya mama, mtoto wa mwaka mmoja ukimwambia lete kiatu analeta kiatu na neno kiatu halijawahi kutoka mdomoni kwake. Kwenye lugha ya kigeni watoto wengi wadogo wanapita kipindi cha ukimya, wiki hata miezi, wanasikiliza tu. Mwalimu asiejua hili anamuona mtoto hajui kitu, anamsimamisha, anamlazimisha, darasa linacheka, na pale ndipo ule ukimya wa kawaida unapogeuka kuwa woga wa kudumu.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa James Asher, alikuwa San José, California, yeye miaka ya 1960 alianza kufundisha lugha kwa amri na vitendo. Mwalimu anasema "stand up" huku anasimama, anasema "touch your nose" huku anagusa pua, wanafunzi wanafanya, hawasemi mpaka wawe tayari wenyewe. Ukiitazama njia hii kwa jicho la mjumuisho ni neema, mana inampa mtoto nafasi ya kuonyesha anajua bila ya ulimi. Na kwa asieweza kusimama unabadilisha kitendo, sio neno.

Chukua mfano wa darasa. Wiki hii tunataka maneno matano, "boat", "fish", "net", "wet" na "pull". Mtoto wa Pemba, awe wa Kojani au wa mjini Wete, habari za bahari anazo tayari kichwani kwa Kiswahili, kwa hivyo hapa hatumfundishi kitu kipya, tunampa jina jipya tu la kitu anachokijua. Mwalimu analeta kingalawa cha kuchonga kile wanachochezea watoto, kipande cha jarife kuukuu, samaki, akikosa basi wa kukata kwenye boksi, kitambaa, ndoo ya maji na kamba ya usumba. Siku ya kwanza hakuna anaeulizwa chochote. Mwalimu anavuta kamba anasema "pull", anawapa wao wanavuta, anasema tena. Mwenye kiti cha magurudumu anavutia pale pale kitini. Kitambaa kinatiwa maji kinapita mkono kwa mkono, "wet", "wet". Mtoto asieona anashika jarife anapitisha vidole kwenye matundu yake anaijua "net" vizuri kuliko alieonyeshwa picha kwa mbali. Kwa mtoto kiziwi mwalimu anaonyesha kitu, anaonyesha ishara yake ya Lugha ya Alama, anaonyesha na kadi yenye neno lililoandikwa kwa herufi kubwa nene, na kadi ile ile inamfaa na mwenye uoni hafifu, na inawafaa wale wote wanaoanza kujua kusoma. Mwenye usonji huenda hapendi kitambaa kirowevu kigusane na mkono wake, asilazimishwe, aangalie wenzake, au achague kati ya picha mbili.

Hapo darasa halijagawika. Hakuna alieandaliwa somo lake pembeni, na mwalimu hakufundisha mara mbili, amefundisha mara moja kwa njia nyingi. Na huyu mzee anaelalamika kuwa mwanawe mwepesi anacheleweshwa, mwanawe huyo ameona, ameshika, amevuta, amesikia, ameliona neno limeandikwa, kwa hakika amepata zaidi kuliko angekaa dawatini akarudia "fish" mara ishirini baada ya mwalimu. Vitu alivyoongezewa mwenye ulemavu vimemfaa yeye pia, na hii naisema kwa uhakika, vifaa na vitendo ni kwa watoto wote.

Angalia pia nimesema maneno matano. Skuli nyengine, khasa hizi za binafsi zinazowavutia wazee, zinajinadi kwa wingi, eti mtoto akimaliza nasari ana maneno mia ngapi sijui. Kichwa cha mtoto mdogo kinashika vitu vichache sana kwa wakati mmoja, na mwenye ulemavu wa akili vichache zaidi. Yeye kwenye yale matano unaweza kumkusudia mawili tu, "fish" na "pull", awe nayo kweli, mengine ayasikie yapite. Somo ni lile lile, shabaha ndo tofauti. Kuna mwalimu ataona haya kuandika kwenye daftari lake kuwa mtoto fulani wiki nzima kapata mawili, lakini mawili anayoyatumia ni mali.

Na kuna jambo moja hapa ambalo linawashangaza walimu wengi. Tumezoea kufundisha kwa mafungu ya jamii moja, leo rangi zote, kesho matunda yote, keshokutwa viungo vya mwili. Inaonekana ni mpangilio mzuri. Lakini Thomas Tinkham mwaka 1993 na 1997, na baadae Rob Waring huko Japani, walipima watu wazima wanaojifunza maneno mapya wakakuta kuwa maneno yanayofanana sana yakiletwa kwa pamoja yanagongana, mtu anachukua muda mrefu zaidi kuyashika kuliko maneno yasiyo na undugu. Ikiwa mtu mzima inamgonga hivyo, fikiria mtoto ambae ameletewa "red", "green", "blue", "yellow" siku moja, zote ni rangi, zote mpya, na kwa mwenye shida ya kumbukumbu ni balaa tupu, atajua kwamba anaulizwa rangi lakini ipi ni ipi hatojua. Maneno yanayokutana kwenye tukio moja, kama ile ngalawa na samaki na kuvuta, hayagongani hivyo kwa sababu kila moja lina kazi yake. Kwa hivyo "red" ije wiki hii na chungu ya vitu vyekundu, "blue" isubiri. Wanyama vile vile, paka na mbwa wasije siku moja.

Halafu kurudia. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kumbukumbu yake na mwaka 1885 akatoa matokeo kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, na kinachozuia ni kurudia kwa kuachanisha, leo, kesho, baada ya siku kadhaa, sio kurundika mara moja. Sisi watu wa karafuu tunalijua hili kwa mikono yetu. Ukizichuma ukazichambua hutozirundika zote pembeni ukasema jua litazifikia, unazitandaza nyembamba juu ya jamvi, unazigeuza, jioni unaziingiza, kesho unazitoa tena, na ukizirundika mbichi zinapata moto zinaharibika. Neno la kigeni kwenye kichwa cha mtoto linataka hivyo hivyo, kidogo na kutolewa tena juani kila siku. Dakika tano asubuhi kila siku zinashinda saa nzima ya Alhamisi, na kwenye skuli zetu ambazo bado zina mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana, na muda ni mdogo, hizo dakika tano zinapatikana, wakati wa kuita majina, wakati wa kupanga foleni ya kunawa mikono, mwalimu anasema "wet hands" na imetoka.

Nije kwenye kuitikia kwa pamoja, ule mtindo wa mwalimu kusema na darasa zima kujibu kwa sauti. Hapa nataka niende polepole mana watu wanaelewana vibaya. Sisi tumelelewa chuoni, tumehifadhi kwa kusikia na kurudia, na kuhifadhi Qur'ani kuna makusudio yake na heshima yake, herufi itoke mahali pake, maneno yabaki kama yalivyo. Hakuna wa kulitia kasoro hilo. Lakini msamiati wa lugha ya kigeni lengo lake ni jengine, ni mtoto akisikia neno kitu kije kichwani, kwa hivyo tukiuhamisha mtindo ule mzima mzima tunapata darasa linaloimba namba moja mpaka ishirini kwa Kiingereza, na ukimpa mtoto vifuu sita ukamwambia nipe "four" anakutizama tu.

Wengine wakishaambiwa hivi wanaruka upande wa pili, wanasema bas kuitikia kwa pamoja kupigwe marufuku. Hapana. Mtoto mwenye kigugumizi akisema pamoja na wenzake mara nyingi kigugumizi kinaondoka au kinapungua sana, hili ni jambo linalojulikana vizuri kwa wataalamu wa usemaji, kwa hivyo kwa yeye sauti ya pamoja ndio mahali pekee darasani anapolitamka neno bila ya hofu. Mtoto mwenye haya naye anajificha humo anajaribu. Kinachotakiwa ni sauti iende na kitendo au kitu mkononi, na iwe ya chini kidogo, mana mwenye usonji kelele za watoto wengi zinaweza kumuumiza kwelikweli, ndo ukamuona kaziba masikio watu wakadhani ana ukaidi. Muweke pembeni karibu na mlango, mwambie mapema kuwa sasa tutaimba.

Sasa mwalimu atajuaje kama mtoto kalipata neno ikiwa hatamki? Anamwambia nionyeshe badala ya niambie. Anaweka vitu viwili mbele yake, "where is the fish?", mtoto ananyoosha kidole, na asieweza kunyoosha kidole anaangalia kwa macho, wenye mtindio wa ubongo wengi wanajua kila kitu na mikono ndo haiwatii, ukitulia ukayafata macho yao utapata jibu. Baadae vitu vinakuwa vitatu, vinne. Kisha anaambiwa afanye, "pull". Kisha anapewa picha ampe mwenziwe wakati anapotaka kitu. Kusema ni hatua ya mwisho, na kwa baadhi haitofika mwaka huu, na bado kwenye ripoti ya mtoto iandikwe kuwa analijua. Hapa ndipo ninapoona walimu wengi wanakosea, na sio kwa ubaya, ni kwa sababu mtihani tuliozoea unapima mdomo na kalamu tu, na mtoto akikosa vyote viwili anapata sifuri kwa kitu anachokijua.

Na anaetamka, tusimkimbilie kumsahihisha. Mtoto wa Kiswahili akisema "buku" au "fishi" hajakosea kwa upungufu wa akili, maneno yetu yanaishia kwa irabu na ulimi wake unafata njia aliyoizoea. Mwalimu aseme tu "yes, a fish" kwa sauti ya kawaida na aendelee. Ila mwalimu aangalie, ikiwa mtoto anaangusha herufi zile zile hata kwenye Kiswahili, haisikii "s", anageuza kichwa sikio moja likutizame, hapo sio lafidhi, apelekwe hospitali akapimwe masikio.

Kuhusu kusikia ipo tabia moja ndogo inayoharibu mengi, mwalimu kusema huku kaelekea ubaoni. Kwa mwenye usikivu hafifu lile neno limepotea lote, mana yeye nusu anasikia na nusu anasoma midomo. Geuka kwanza kisha sema, haina gharama yoyote. Na mtoto kiziwi kabisa, watu wanasema Kiingereza hakimuhusu kwa vile hatosikia wala kutamka. Kinamuhusu, atakisoma na atakiandika, lakini anahitaji kwanza awe na lugha yake, yaani Lugha ya Alama, ambayo ni lugha kamili, sio kuonyeshana onyeshana mikono. Ukimpa "boat" iliyoandikwa na hana ishara ya chombo kichwani, herufi zile zitaning'inia hazina pa kushika.

Jengine linalouliziwa sana ni simu. Wazee wananunua bando, mtoto anakaa na katuni za Kiingereza mchana kutwa, wanasema anajifunza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle, Marekani, waliwachukua watoto wachanga wa miezi tisa wakawakutanisha na Wachina wanaocheza na kuzungumza nao kwa Kichina, vikao kumi na mbili. Watoto wale wakaweza kuzitambua sauti za Kichina. Kundi jengine likapewa Kichina hicho hicho kwa vidio, na jengine kwa sauti tupu, hawakupata kitu. Ni wachanga na ni sauti, sio maneno ya mtoto wa miaka sita, lakini inaonyesha kitu ambacho mwalimu yeyote wa maandalizi anakijua, mtoto mdogo anajifunza lugha kwa mtu anaemtizama na kumjibu. Ndo mana vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze tulivyokuwa navyo hapa Zanzibar vilikuwa na maana, redio ilikuwa ikiuliza inanyamaza kusubiri watoto wajibu na wafanye, na pembeni yupo mtu mzima anaewaongoza. Katuni haisubiri. Kwa mtoto aliechelewa kusema ndo kabisa, anaweza akashika nyimbo nzima na asiweze kuomba maji kwa lugha yoyote.

Na Kiswahili darasani kitumike au kisitumike? Kuna skuli zinawaadhibu watoto wakisema Kiswahili kipindi cha Kiingereza, mie nalipinga hili waziwazi. Mtoto kichwani mwake neno jipya linajifunga kwenye neno alilonalo, Jim Cummins wa Kanada tangu 1979 alieleza kuwa lugha ya kwanza ikiwa na nguvu inaibeba ya pili. Maelezo ya mchezo, kumtuliza mtoto, kumueleza kitu kisichoshikika, hivyo vitoke kwa Kiswahili haraka haraka, halafu yale maneno matano yasikike kwa Kiingereza mara nyingi iwezekanavyo. Tatizo linakuja mwalimu akizoea kutafsiri kila neno papo hapo, watoto wanaacha kulisikiliza la Kiingereza kwa vile wanajua Kiswahili kinakuja nyuma.

Kwa mzee nyumbani, asiejua Kiingereza pia, kazi ipo. Muulize mwalimu maneno ya wiki hii ni yepi, atakwambia au atakuandikia kwenye daftari. Usimwambie mtoto hebu sema tusikie mbele ya wageni. Weka vitu viwili mkekani umwambie nipe kile cha leo, yeye ndo akufundishe. Na ukiwa na mtoto ambae skuli imemuweka pembeni kipindi cha Kiingereza, nenda kwa mwalimu mkuu kwa adabu umuombe mambo matatu: mtoto akae mbele, ashike vifaa sawa na wenzake, na apimwe kwa kuonyesha. Kama kwenye skuli au wilaya yenu yupo mwalimu anaesimamia elimu mjumuisho, muombe mwalimu mkuu amuite aje akae darasani siku moja aone, kwani mara nyingi akiona na wewe upo hapo mambo yanapangika ndani ya wiki hiyo hiyo.